Zuzi wa Kijiji: Nani Anamchagua, na Nani Anamlipa?



Katika mkutano wetu mkuu uliopita tulikubaliana haraka juu ya jambo moja: tuchague wapatanishi wa mashamba, watu wa hapa hapa kwetu, wasikilize kesi za wale waliorudi na kukuta shamba lao likilimwa na mwingine. Lakini tulikwama pahali pawili. Kwanza, mtu huyo awe na sifa gani? Pili, atakula nini siku anaacha jembe lake na kukaa chini ya mti kusikiliza maneno ya wengine?

Baba mmoja alisema: "Kazi ya amani hailipwi." Mama mmoja akamjibu: "Basi atalipwa na mwenye mbuzi." Watu walicheka, lakini kura hatukupiga. Tuliirudisha kwa mkutano ujao.

Ninaandika historia hii kwa sababu swali letu si jipya. Watu wengine walikutana nalo mbele yetu, wengine katika nchi za mbali, wengine katika kambi zile zile tulizoishi. Tuangalie walifanya nini, walifaulu wapi na walianguka wapi, kisha tupige kura macho yakiwa wazi.

Wakati hakimu alipewa viungo

Tribinali iliyo karibu zaidi na mwanakijiji katika Kongo inaitwa tribunal de paix, siye tunasema tripaix. Jina hilo lilizaliwa Ufaransa, katika mapinduzi ya mwaka 1789.

Kabla ya mapinduzi, kiti cha hakimu kule Ufaransa kilikuwa mali kama shamba au nyumba. Mtu alikinunua, alikiuza, aliwaachia watoto wake. Na mtu aliyenunua kiti anataka kurudisha pesa yake, si ndiyo? Kwa hiyo wenye kesi walimlipa hakimu. Malipo yale yaliitwa épices, maana yake viungo. Mwanzo ilikuwa zawadi tu: aliyeshinda kesi alimletea hakimu vitu vitamu na viungo vya chakula, kusema asante. Kidogo kidogo zawadi ikawa lazima, viungo vikawa pesa, na mwishowe bila kulipa kesi haisogei.

Siye tunaijua njia hiyo. Hapa watu wanasema "lete sucré", Kinshasa wanasema madesu ya bana, maharagwe ya watoto. Kila nchi iko na jina lake la chakula, lakini tumbo ni moja.

Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, wajumbe wa bunge la mapinduzi walitangaza kwamba viti vya hakimu havitauzwa tena. Mwaka uliofuata walitoa sheria ya tarehe 16 mpaka 24 Agosti 1790. Sheria hiyo iliweka maneno matatu pamoja, na ninaomba tuyashike: kiti cha hakimu hakiuzwi tena milele, hakimu anatoa haki bure, na hakimu analipwa na leta. Hawakusema "bure" wakanyamaza. Walisema bure kwa mwenye kesi, na hapo hapo wakasema nani atalipa.

Sifa za yule zuzi wa kwanza

Sheria hiyo ndiyo iliyomzaa juge de paix, hakimu wa amani. Kila kantoni, yaani vijiji kadhaa pamoja, ilipata mmoja. Alichaguliwa kwa kura za raia, kwa miaka 2, na aliweza kuchaguliwa tena.

Angalieni kesi zake, mtaona kama ni za kwetu: mifugo iliyoharibu mazao, alama ya mpaka iliyosogezwa, mtu aliyenyang'anya ardhi, miti au mfereji wa jirani, mfanyakazi asiyelipwa mshahara wake, matusi na ugomvi mdogo. Kesi hizo zinaonekana ndogo katika mji mkubwa, lakini kijijini njo zinazomwaga damu.

Sifa zake zilikuwa zipi? Awe na miaka 30. Diploma ya sheria haikuombwa. Jacques-Guillaume Thouret, aliyekuwa avoka na aliyeitetea sheria hiyo bungeni, alifundisha kwamba kila mtu mwema mwenye uzoefu kidogo wa maisha anaweza kufanya kazi ile. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kesi ya mpaka wa shamba haihitaji mtu anayejua vitabu vingi, inahitaji mtu anayeweza kutembea mpaka shambani, akaangalia jiwe liko wapi, na ambaye majirani wanaamini mdomo wake.

Tena hakukaa peke yake. Katika kila komini walichaguliwa watu wenye busara 4, na katika kesi hakimu alikaa na 2 kati yao. Kwa hiyo ni watu 3 kwa kesi moja. Tukumbuke hesabu hiyo, tutakutana nayo tena hapa Kongo.

Lakini tusisifu kila kitu. Ili uchaguliwe, ilikuwa lazima ulipe kodi yenye thamani ya kazi ya siku 10. Hata kupiga kura tu kulihitaji kodi ya siku 3. Maskini kabisa walibaki inje. Watumishi wa nyumbani walibaki inje. Wamama wote walibaki inje. Thouret alisema kila mtu mwema, halafu sheria ikafunga mlango kwa zaidi ya nusu ya watu.

Namna uchaguzi ulivyopotea

Kosa la pili lilikuwa upande wa malipo. Hakimu wa amani alipata mshahara wa leta, ndiyo, lakini ulikuwa mdogo. Na sheria ilimwachia mlango wa pembeni: kwa kazi fulani, kama kuweka mihuri nyumbani mwa marehemu ili mali ya warithi isipotee, alilipwa na familia yenyewe, kazi kwa kazi. Mtu mwenye mshahara mdogo na mlango wa pembeni ulio wazi atapita wapi? Ilichukua miaka 55 mpaka sheria ya tarehe 21 Juni 1845 ilipofunga mlango huo na kumwambia: kuanzia leo, mshahara tu.

Wakati huo uchaguzi wenyewe ulikuwa umekwisha kufa. Mwaka 1801 wale wenye busara waliokaa na hakimu waliondolewa. Mwaka 1802 Napoléon aliamua kwamba watu wa kantoni watapendekeza majina 2, na yeye atachagua moja. Mwaka 1814 mfalme aliporudi, alichukua yote: hakimu wa amani akateuliwa na mfalme, tena angeweza kumwondoa. Kutoka kura ya watu mpaka kidole cha mfalme ilipita miaka 24 tu.

Na diploma? Sheria ya kwanza kuomba masomo au uzoefu wa kazi maalumu ilikuja tarehe 12 Julai 1905. Kwa miaka 115 kazi ile ilifanyika bila sharti la diploma. Diploma ni kitu kizuri, siipingi. Lakini historia inaonyesha kwamba siyo ukosefu wa diploma uliomtenga zuzi na watu wake. Kilichomtenga ni kwamba aliyemteua na aliyemlipa hawakuwa wale aliowahukumu.

Jina likafika Kongo, kura ikabaki njiani

Wafaransa waliiteka Ubelgiji na kuiunganisha na nchi yao mwaka 1795. Hakimu wa amani akaingia huko pamoja nao. Ubelgiji ilipopata uhuru, katiba yake ya mwaka 1831 ilimshika hakimu huyo, lakini ikasema anateuliwa na mfalme.

Katika Kongo, Wabelgiji hawakuleta hata hiyo kwa mwenyeji. Dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 iliweka tribinali za wenyeji: za sheferi, za sekta, za sentre na za teritware. Zuzi wa kijiji alikuwa chefu pamoja na wazee, waliokubaliwa na utawala wa mkoloni. Kura ya watu haikuwepo. Chefu yule yule aliyesimamia kodi na kazi za lazima njo aliyekata kesi yako. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake.

Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na hakimu wa kazi Mkongomani hata mmoja. Umoja wa Mataifa ulileta watu kutoka nchi nyingine, wakiwemo Wahaiti, kujaza viti. Mwaka 1968 leta iliamua kwamba tripaix zitachukua nafasi ya tribinali za kimila, na zile za kimila ziliachwa ziendelee kwa muda, mpaka tripaix zifike. "Kwa muda" huo umekuwa mrefu sana: katika pahali pengi bado tunaungoja.

Leo sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inasema kila mji na kila teritware iwe na tripaix moja au zaidi, na kesi za ardhi zinazofuata mila ziko mikononi mwake. Zuzi wake ana diploma ya sheria, amepita konkuru, ameteuliwa na Rais wa Jamhuri. Kesi ikihusu mila, anaita wazee 2 wa eneo kukaa naye. Mnaona? Watu 3, kama mwaka 1790. Hesabu ilisafiri salama mpaka kwetu. Kitu kimoja kilipotea njiani: zamani wale 2 walichaguliwa na majirani wao, leo wanateuliwa na mkubwa wa tribinali.

Tuliyoyaona tulipokuwa wakimbizi

Wengi wetu tuliishi Uganda. Tuliona kesi zikikatwa kwa LC1, na mizizi yake ni hii. Katika vita vya msituni, eneo la Luwero, wapiganaji wa NRA waliacha kila kijiji kichague kamati yake ya watu 9. Baada ya kuteka Kampala mwezi wa Januari 1986, walieneza kamati hizo nchi nzima, na mwaka 1988 sheria ilizipa nguvu ya kusikiliza kesi: madeni, kupigana, uharibifu wa mali, ardhi ya kimila, urithi. Avoka hakuingia. Lugha ilikuwa ya kijiji. Watu walipanga mstari nyuma ya yule wanayemtaka. Hakuna karatasi, hakuna siri, kila mtu anaona.

Sifa zilikuwa chache, na hiyo ilikuwa nguvu yake. Lakini kuhusu malipo, leta ilinyamaza muda mrefu. Baadaye chefu wa LC1 alipewa shilingi 120,000 za Uganda kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi. Mtu hawezi kulisha nyumba kwa pesa ile hata juma moja. Basi neno likazaliwa ambalo wengi wetu tulilisikia: kesi ni ya bure, lakini kalamu si ya bure. Muhuri si wa bure. Krediti ya simu ya kumwita mshitakiwa si ya bure.

Tena kulikuwa na ubaya mwingine: uchaguzi ulisimama. Watu waliochaguliwa mwaka 2001 walibaki vitini. Mwaka 2007 korti ya katiba ilisema kamati hizo za chini hazikuchaguliwa kwa njia inayokubaliwa na katiba. Uchaguzi mpya ulifanyika mwezi wa Julai 2018. Miaka 17! Mtoto aliyezaliwa siku ya kura ya kwanza alikuwa karibu kupiga kura mwenyewe.

Ndani ya kambi, kama Nakivale, tulikuwa na kamati zetu za wakimbizi, RWC, zilizoiga mfano huo wa LC. Tulizichagua wenyewe. Kuna waliohudumu kwa moyo safi miaka mingi. Wako kati yetu leo na tunawaheshimu. Lakini kila mmoja wetu anajua pia tofauti ya kwenda kwa kamati na soda mkononi na kwenda mikono mitupu.

Wengine tuliona au tulisikia gacaca ya Rwanda. Mwezi wa Oktoba 2001 watu walichagua zaidi ya majaji 250,000, waitwao inyangamugayo, maana yake watu wanaochukia aibu. Sifa ziliandikwa wazi: miaka 21 au zaidi, mwenendo mwema, asiwe ameshiriki mauaji ya kimbari, asiwe amefungwa miezi 6 au zaidi, asiwe na roho ya ubaguzi. Wakubwa wa siasa, askari na mahakimu wa kazi hawakuruhusiwa. Mpaka zilipofungwa tarehe 18 Juni 2012, korti hizo zilipitia kesi karibu milioni 2. Wamama wengi waliketi kama majaji, jambo ambalo sheria ya 1790 haikuliwaza.

Lakini mshahara? Hakuna. Mkulima aliacha shamba lake siku nzima, juma kwa juma, mwaka kwa mwaka, akihukumu mambo mazito kuliko mengine yote. Na malalamiko ya rushwa yalikuja. Kuna majaji waliotolewa vitini kwa sababu hiyo. Sisemi wote, wala wengi. Ninasema sifa ziliandikwa kwa uangalifu mkubwa, na mfuko uliachwa mtupu.

Kwa nini swali hili ni la waliorudi zaidi ya wengine

Hapa njo moyo wa maneno yangu.

Zuzi asiyelipwa na sheria atalipwa na mwenye kesi. Sasa tuangalie kesi zetu ni kati ya nani na nani. Upande huu, mtu aliyeshuka jana kwenye lori, na mfuko wa nguo, sufuria na watoto. Upande ule, mtu aliyebaki, au aliyekuja nyuma yetu, ambaye amevuna katika shamba hilo miaka 5 au 10. Yuko na mihogo, yuko na mbuzi, yuko na rafiki kwenye ofisi. Tena mara nyingi si mwizi: aliuziwa na mtu mwingine, au alipewa na chefu kwa nia njema.

Kama mpatanishi anakula kwa wenye kesi, ni nani atamlisha vizuri? Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Aliyerudi daima anakuja na mkono mtupu. Kwa hiyo upatanishi "wa bure" unaumiza kwanza yule ambaye asosiasyo hii iliundwa kumsaidia. Na aliyebaki naye anaumia: hata akishinda kwa haki, watu watasema alinunua. Haki iliyoshukiwa haifungi kesi. Inaiweka chini ya majivu tu.

Makubaliano yaliyotiwa sahihi Goma tarehe 23 Machi 2009 yalitaja kamati za kudumu za usuluhishi kwenye ngazi ya chini, pamoja na kurudi kwa wakimbizi. Wazo lilikuwa jema. Lakini sote tunajua maisha ya kamati kama hizi: wafadhili wanapokuja kuna semina, kuna perdiem, kuna fulana zenye maandishi. Projeti ikiisha, fulana zinabaki, kesi zinabaki, na mtu wa kamati anarudi kuulizia "kalamu".

Ndugu wafadhili, ninasema hili bila kuwavunjia heshima, kwa sababu mmetusaidia sana. Ni rahisi kupata pesa ya kufundisha mpatanishi siku 3 hotelini. Ni vigumu kupata pesa ndogo ya siku anayoketi chini ya mti. Lakini kesi inakatwa ile siku ya chini ya mti.

Ninayopendekeza kwa kura

Kwanza, tukumbuke mipaka yetu. Wapatanishi wetu si tribinali. Hawafungi mtu, hawatozi amende, hawagusi kesi za damu wala za ubakaji. Wanasikiliza, wanatembelea shamba, wanaandika makubaliano. Asiyekubali anabaki na haki yake ya kwenda tripaix.

Juu ya sifa: awe na miaka 30 au zaidi, awe anakaa hapa, awe ni wa waliorudi au wa waliobaki, na pande zote mbili ziketi kila kesi, watu 3 kwa kesi, angalau mmoja awe mama, asiwe chefu, askari wala kiongozi wa chama, asiwe na kesi ya shamba yake mwenyewe isiyoisha. Diploma tusiombe. Lakini mmoja kati ya 3 ajue kusoma na kuandika vizuri, kwa sababu makubaliano yasiyoandikwa yanakufa na mashahidi wake.

Juu ya muda: miaka 2, kisha kura tena, hata kama tunawapenda. Tumeona kule Uganda kiti kinavyomshika mtu.

Juu ya malipo: kila siku ya kuketi ilipwe sawa na siku moja ya kulima kwa mtu mwingine hapa kwetu. Isipungue, ili asipate hasara. Isizidi sana, ili watu wasigombanie kiti kwa njaa. Pesa itoke kwa mfuko wa asosiasyo, katika mchango wetu wa kila mwezi, na wafadhili wakitaka kusaidia, waingize katika mfuko huo huo. Malipo yawe yale yale, kesi ishinde huyu au yule, ikubaliwe au ivunjike. Hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi, kila memba aisome. Na wenye kesi wasitoe kitu: si kuku, si sucré, si krediti ya simu. Mpatanishi akipokea, kiti chake kinaisha siku hiyo.

Wengine watasema mfuko wetu ni mdogo. Ni kweli. Basi tuchague wapatanishi wachache tunaoweza kuwalipa, kuliko wengi watakaolipwa na mwenye mbuzi.

Baba yule aliyesema kazi ya amani hailipwi, ninamheshimu. Alisema kwa moyo mwema. Lakini naona mama alikuwa ameielewa historia yote hii bila kuisoma. Tukutane kwenye mkutano, kila mtu na mchango wake, tupige kura.